Mzee wa Dele Aliniambia Kahawa Yangu Imelala

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Dodoma. "Dada, nimejikusanya, nina milioni 12, nataka kufungua mgahawa wa kahawa. Ninunue mashine gani?" Nimeusoma mara tatu. Miaka minne iliyopita nililiuliza swali hilohilo, na kila niliyemuuliza alinitajia jina la mashine. Hakuna aliyeniuliza kahawa yenyewe nitaitoa wapi.

Mgahawa wangu uko Sinza, Dar es Salaam. Nilianza na milioni 14 na tisa kati ya hizo zikaishia kwenye mashine moja: ya Kiitaliano, mtumba, vichwa viwili vya kutolea kahawa, inang'aa mpaka wapita njia wanasimama. Kinu cha kusagia nilichukua cha nyumbani, cha laki nne, maana mfuko ulikuwa umeshatoboka. Maji nilitumia ya kisima cha mwenye nyumba. Kahawa nikaichukua kwa mtu wa kwanza aliyeniletea sampuli na kuniambia ni Arabika ya Kilimanjaro, daraja la AA.

Sampuli ile ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Harufu ya maua, uchachu kidogo kama wa chungwa. Nikaagiza kilo 20 kwa mpigo ili nipunguziwe bei.

Mwezi wa kwanza watu walijaa. Wa tatu nikawa nahesabu viti vitupu. Mteja wa Dar hagombani na wewe. Anakunywa nusu, anakwambia asante dada, analipa, na humwoni tena. Nililaumu eneo, nikalaumu barista wangu, yaani mtengeneza kahawa, binti wa watu nikamsema mbele ya wateja. Hilo bado linaniuma na nilishamwomba radhi.

Jirani na kituo cha daladala yupo mzee anayeuza kahawa chungu na kashata. Miaka mingi na dele lake, lile birika la kahawa, anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe. Siku moja mvua ilimkuta barazani kwangu nikamkaribisha ndani, nikamtengenezea espreso, kahawa nzito ya mashine. Akanusa, akakirudisha kikombe mezani.

"Mwanangu, kahawa hii imelala."

Nilijisikia vibaya sana. Nikamjibu, kwa adabu lakini kwa ukali wa ndani: "Mzee, hiyo ni AA."

"Sijakuuliza cheo chake. Imekaangwa lini?"

Sikujua. Nikaenda stoo kuangalia mfuko: tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, ya mwaka unaofuata. Tarehe ya kukaangwa haipo. Na AA niliyokuwa najivunia, nilikuja kuelewa baadaye, ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya takriban milimita 7. Haikwambii ilivunwa vipi, ilikaushwaje, wala imekaa dukani miezi mingapi.

Nikamwaga punje mezani, nikazichambua chini ya taa. Nyingi zilikuwa za mviringo, mstari wa katikati umenyooka. Arabika mstari wake hupinda. Nilikuwa nimechanganyiwa Robusta, aina nyingine ya kahawa. Niseme wazi kwamba Robusta ya Kagera naiheshimu, na ikichanganywa kwa makusudi inaipa espreso povu zito na nguvu. Kosa ni kuuziwa kwa jina la Arabika na kwa bei ya Arabika. Nilipompigia yule bwana aliyeniuzia alisema tatizo ni mashine yangu, kisha akasema ni msimu, kisha akaacha kupokea simu.

Wakati huohuo mashine ikazima. Fundi alifungua boila, tangi la kuchemshia maji, ndani kukawa na chokaa imeganda kama ukoko wa ugali. Maji ya kisima yale. Hita imeungua, spea haipo nchini, nikasubiri wiki tano huku nauza chai na juisi. Sitawachosha na wiki hizo.

Kumtafuta msambazaji mpya nilikwenda taratibu. Nilinunua robo kilo kwa wakaangaji wanne, sharti moja tu: tarehe ya kukaangwa iandikwe kwenye mfuko. Nikafunika majina, nikaweka herufi. Gramu 12 za kahawa iliyosagwa kwenye bakuli, mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika nne, unavunja utando wa juu kwa kijiko, unangoja ipoe kidogo, unaivuta mdomoni kwa sauti. Tulionja watu wanne, na mzee wa dele akiwa mmoja wao. Baada ya wiki mbili nikamtuma rafiki anunue tena kwao wote, kwa jina lake. Hapa ndipo penye siri, ndugu zangu. Sampuli huchaguliwa kwa ajili yako. Mzigo wa pili ndio kahawa halisi. Wawili walianguka hapo. Nikabaki na mkaangaji mdogo anayetumia kahawa ya Mbozi, mkoani Songwe. Nachukua kilo 5 kila wiki, na ya espreso naiacha ipumue siku saba kwanza, kwa sababu kahawa iliyotoka kukaangwa bado inatoa gesi na maji hayapiti sawasawa.

Vifaa nikavipanga upya: kinu kwanza. Kile cha nyumbani kilikuwa kinapata moto na kutoa unga na chenga pamoja, kwa hiyo kikombe hikihiki kichungu na hikihiki kichachu. Nilipopata kinu cha biashara, gramu 18 zikanipa gramu 36 za espreso kwa sekunde kama 28, kikombe baada ya kikombe, kwenye mashine ileile niliyokuwa naitukana. Kisha kichujio cha maji. Kisha stabilaiza. Kabla ya kununua chochote sasa namuuliza fundi, siyo muuzaji: spea ipo Dar? Ikifa Ijumaa, nani atakuja Ijumaa hiyohiyo?

Acheni kununua kwa macho. Onjeni. Onjeni tena mzigo wa pili, na wa sita, na wa kumi, hata kama msambazaji amekuwa rafiki. Mimi bado naonja kila mfuko, na viti vyangu asubuhi havitoshi.

Yule kijana nimemjibu asinunue mashine kwanza. Visima vya Dodoma navyo vinajulikana kwa chumvi, kwa hiyo nimemwambia akija Dar aje na lita tano za maji ya huko atakapofungua. Tutapika kahawa kwa maji yake, na mzee wa dele ameahidi kukaa mezani.