NVDA kukaa kimya kwenye menyu

Dada uliyeuliza kwa nini mdogo wako asiyeona akibonyeza Alt kwenye ile programu ya stoo ya dagaa hapo Mwaloni Kirumba NVDA (programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyopo kwenye skrini) inanyamaza kimya, wakati kwenye Notepad inasoma menyu zote vizuri tu: kompyuta ni nzima. Cheki kwanza kama programu imeandikwa kwa Java (lugha ya kutengenezea programu), manake hizo NVDA haizisomi kama Java Access Bridge, yaani kiunganishi cha Java na programu za kusoma skrini, imezimwa; kuiwasha fungua Command Prompt kwenye folda ya bin ya Java uandike jabswitch -enable afu ufunge programu na NVDA uwashe tena. Kama sio Java basi huenda aliyeitengeneza kachora menyu zake mwenyewe bila kuipa Windows jina la kila kitufe, na hapo hata ununue JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, kwa hela nyingi inaweza ikakwama vilevile, mwambieni fundi wenu atumie menyu za kawaida za Windows. Kwa sasa ajaribu kushika kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na namba za pembeni ya kibodi, 8 kupanda, 2 kushuka, 4 na 6 kwenda pembeni, Num Lock iwe imezimwa.