Anza na miguu na macho, raketi itafuata: ushauri wangu kuhusu vifaa vya skwashi

Tangu skwashi, mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta nne, iingizwe kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, wanaouliza jinsi ya kuanza wameongezeka, na swali lao la kwanza karibu kila mara ni: ninunue raketi gani? Jibu langu huwa ni kuangalia kwanza walichovaa miguuni. Raketi ya kawaida yenye nyuzi nzuri itakufikisha mbali sana. Kiatu kisichofaa kitakuweka nje wiki kadhaa ukiuguza kifundo cha mguu, na jicho halina spea.

Tazama mtu anavyocheza mchezo huu. Anapiga hatua mbili tatu, anasimama ghafla, anajipinda, anarudi kinyumenyume, kisha anautupa mguu mmoja mbele na kuinama hadi goti likaribie sakafu. Uwanja una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4 tu, kwa hiyo karibu kila mwendo unaishia kwa kufunga breki, tena mara nyingi kwa pembeni. Kiatu cha kukimbilia barabarani kimeinuliwa kisigino na kujazwa sponji nene ili kikusukume mbele. Ukikiegemea kwa ubavu, kinapinduka, na kifundo kinapinduka nacho. Tafuta kiatu cha michezo ya ndani chenye soli bapa ya mpira unaonata na usioacha alama sakafuni. Kiatu cha mpira wa wavu, cha mpira wa mikono au cha badminton kinafaa vilevile, usihangaike na jina lililoandikwa kwenye boksi.

Unapokijaribu, vaa soksi utakazochezea, kisha tupa mguu mbele kama unaufuata mpira kwenye kona ya mbele. Kisigino kisipwaye, na vidole visigonge mbele ya kiatu. Kagua pia ubavu wa ndani wa kiatu, pale penye kidole gumba, hasa kwa mguu unaobaki nyuma. Sehemu hiyo huburutwa sakafuni kila unapojinyoosha, na ndiyo hutoboka kwanza. Mimi napenda kiatu kilichoongezewa tabaka la mpira mgumu hapo, hata kama ni kizito kidogo. Na kiatu cha uwanjani kisitoke nje hata kidogo: vumbi likishika soli, mnato umekwisha. Kabla ya mechi nazifuta soli kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa macho, na hapa sina mjadala. Mpira wa skwashi una kipenyo cha milimita 40, na ni laini kiasi cha kubonyea. Mpira mkubwa ukikupiga usoni, mfupa unaolizunguka jicho huupokea kwanza. Huu wa skwashi unaingia kwenye tundu la jicho karibu sawasawa. Ongeza raketi ya mwenzako inayozunguka hatua moja kutoka kwako, na utaelewa kwa nini Shirikisho la Skwashi Duniani linalazimisha miwani ya kinga kwa vijana na kwa wanaocheza wawili-wawili katika mashindano yake. Lenzi iwe ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi. Miwani ya kusomea haikingi, maana lenzi yake inaweza kupasuka na vipande vikaingia machoni. Fremu tupu isiyo na lenzi nayo haifai, kwa kuwa mpira unabonyea na kupenya.

Wengi wanaoivua miwani hulalamikia ukungu. Chagua yenye matundu ya hewa juu na pembeni, inayoacha nafasi ndogo kati ya lenzi na nyusi, na funga kitambaa kipajini ili jasho lisiteremke. Ioshe kwa maji na sabuni laini, uiache ikauke yenyewe. Ukiisugua na fulana yenye jasho kila siku, lenzi itajaa mikwaruzo, kisha utasema miwani ndiyo inayokuzuia kuona.

Kabla ya raketi kuna mpira, na ndio kifaa ambacho wachezaji wa kati hukichagua vibaya kuliko vyote. Mpira wenye nukta mbili za njano ndio wa mashindano makubwa, kwa hiyo kila mtu anautaka. Lakini mpira huo umetengenezwa kwa watu wanaoupiga kwa nguvu na mfululizo hadi upate joto. Ukiwa baridi haudundi, unafia chini. Wakubwa wa mchezo huufikisha kwenye joto la sentigredi 45 hivi na kuubakiza huko. Kama mipigo yenu inakatika baada ya mikwaju minne mitano, mpira unapoa wakati mnauokota, na mchezo mzima unageuka kuwa mbio za kuudokoa chini mbele ya ukuta.

Tumieni nukta moja ya njano. Unadunda zaidi kidogo, unakupa muda wa kujipanga, na mikwaju mirefu ya kona za nyuma inapata maana. Kwa anayeanza kabisa kuna nukta nyekundu, na bluu kwa watoto na wageni wa mchezo. Ile ya kampuni ya Dunlop ni mikubwa kuliko mpira wa kawaida, nyekundu kwa asilimia 6 na bluu kwa asilimia 12. Wachezaji wazuri kabisa nao hurudi kwenye nukta moja uwanja ukiwa wa baridi, na hakuna anayewadharau. Mpira uliozeeka utaujua kwa kidole: ile hali ya kukwaruza ya juu imeisha na ngozi yake inang'aa, hivyo unateleza ukutani badala ya kushika. Ukisikia sauti yake imebadilika na kuwa butu ghafla, uminye mbele ya taa. Kwa kawaida utauona ufa.

Haya, raketi. Kanuni zinaruhusu urefu usiozidi milimita 686 na uzito usiozidi gramu 255, lakini fremu za sasa za kaboni ziko mbali sana chini ya hapo. Nyingi zina gramu 110 hadi 140, na namba iliyochorwa kwenye fremu ni uzito wake ikiwa tupu, bila nyuzi wala gripu, ule mkanda unaozungushwa mpinini. Hiyo namba ndiyo inayowapoteza watu. Raketi mbili za gramu 125 zinaweza kuwa mkononi kama vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu kinachohisiwa na mkono ni mahali uzito ulipokaa. Gramu chache zikiwa kichwani, mbali na kiganja, zinahisiwa kuliko gramu nyingi zilizo kwenye mpini.

Pima mwenyewe. Ilaze raketi yenye nyuzi juu ya kidole kimoja, katikati kabisa ya urefu wake, yaani kama sentimita 34 kutoka kitakoni. Ikiinamia kichwani, ina kichwa kizito. Ikiinamia mpinini, ina kichwa chepesi. Kichwa kizito kinakusaidia ukiwa na muda wa kuvuta mkono nyuma: ukiuachia, raketi inajibeba yenyewe na mpira unafika ukuta wa nyuma bila jasho. Kichwa chepesi kinageuka haraka, kwa hiyo kinampendeza anayekaa katikati ya uwanja na kuukatiza mpira hewani kabla haujadunda. Mwenzangu ninayecheza naye sana ni mrefu, ana mkono mrefu na mipigo mipana, na raketi yenye kichwa kizito inamkaa vizuri mno. Nikiishika mimi, mpira wa haraka unanikuta bado naivuta. Napenda raketi iliyosawazika au inayoelemea mpinini kidogo, gramu 125 hivi, kwa kuwa pointi zangu nyingi nazipata karibu na mstari wa katikati.

Umbo la kichwa ni jambo la pili. Kuna fremu zilizo na daraja shingoni, yaani kipande kinachokifunga kichwa kwa chini, na kuna zile zenye umbo la tone la maji, ambapo nyuzi ndefu zinashuka hadi ndani ya shingo. Uzi mrefu unanyumbuka zaidi, kwa hiyo hizi za tone hutoa nguvu nyingi na huusamehe mpigo ambao haukugonga katikati. Zenye daraja ni ngumu zaidi, na ukigusa vibaya zinakwambia papo hapo. Wapo wanaoapa kwamba za daraja zinaweka mpira pale pale unapotaka, na nikitazama mipira yao ya kudondosha mbele siwezi kuwabishia. Mimi nimebaki na umbo la tone kwa sababu moja tu: kona ya nyuma upande wa bekihendi, yaani upande wa kupiga kwa mgongo wa mkono.

Hiyo kona ndiyo mtihani wangu wa kila raketi, na nakushauri uufanye wako. Dukani kila raketi ni nzuri. Hata ukijipigia mwenyewe fohendi na mpira wa moto, bado zote ni nzuri. Azima raketi, cheza nayo mechi ya kweli, na usitoe hukumu hadi uchoke. Kisha jiangalie wakati mpira umeshuka nyuma yako, umebanwa kwenye kona, na huna nafasi ya kuvuta mkono zaidi ya shubiri mbili. Je, kwa ule mpigo mfupi wa kifundo cha mkono, mpira unafika ukuta wa mbele, juu ya bati, ule ukanda wa chini ukutani ambao mpira hautakiwi kuugusa? Na mkono, kati ya kiwiko na kiganja, unauma? Raketi inayoutoa mpira pale ukiwa hoi itakutosha kila mahali pengine uwanjani. Jaribio la pili ni kukatiza mipira ya haraka mfululizo. Ukijikuta unaigonga kwa kuchelewa, kichwa ni kizito kwako, hata kama bingwa fulani anakitumia.

Epuka pia tamaa ya raketi nyepesi kupindukia. Zile za karibu gramu 110 zinapendeza mkononi, lakini mpira mzito unazitikisa, na baadhi yake hazivumilii kugongwa ukutani. Skwashi ni mchezo wa kuta, na utagonga. Angalia kama ile plastiki ya kukinga kichwa inaweza kubadilishwa, na ibadilishe kabla haijalika hadi kwenye kaboni.

Ninapokaa zaidi ni kwenye nyuzi, kwa sababu ndizo pekee zinazogusa mpira. Fremu nyingi huja na nyuzi za kiwandani za ubora wa chini, mtu anacheza nazo wiki mbili, anaichukia raketi na kuiuza. Kabla hujaihukumu, mpe fundi aweke nyuzi nzuri za nailoni zilizosukwa kwa nyuzinyuzi nyingi, zenye unene wa milimita 1.20 hivi. Nyembamba zaidi zinaung'ata mpira vizuri ila hukatika upesi. Nene zinadumu, ila hisia yake ni ya ubao.

Mkazo nao una kanuni inayowashangaza wengi: nyuzi zilizolegea kidogo hutoa nguvu zaidi, zilizokazwa sana hutoa udhibiti, na zinamtaka mchezaji awe na nguvu zake mwenyewe. Wengi hucheza kati ya pauni 24 na 28. Anza na 25, kisha ongeza au punguza pauni moja moja kila unapofunga upya. Mimi nimetulia kwenye 26. Wenye maumivu ya kiwiko nawaomba washuke, wasipande. Nyuzi hupoteza mkazo taratibu hata zisipokatika, na huwezi kuhisi kwa kuwa zinalegea pamoja na wewe. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kufunga upya kwa mwaka mara nyingi kama unavyocheza kwa wiki: ukicheza mara tatu kwa wiki, funga mara tatu kwa mwaka. Naandika tarehe na mkazo kwenye kipande cha plasta na kukibandika shingoni mwa raketi, nisiwe nabahatisha. Na usiiache raketi ndani ya gari lililopigwa na jua, joto linaua mkazo.

Gripu ni kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa. Mpini wa skwashi kwa kawaida huja saizi moja, kwa hiyo unene unautengeneza wewe kwa tabaka. Shika raketi kama unavyocheza: kati ya ncha za vidole na nyama ya kiganja pabaki nafasi ya unene wa kidole cha mwisho. Vidole vikijichoma kiganjani, ongeza gripu ya juu. Visipofika, bandua, uifunge upya ukiivuta zaidi ili iwe nyembamba. Mpini usiokaa sawa unakufanya uubane kwa nguvu, na mkono uliobana hauwezi kupiga mpira wa taratibu. Wenye viganja vya jasho jingi wajaribu gripu ya kitambaa kama taulo. Gripu ikianza kung'aa na kuteleza, toa siku hiyo hiyo.

Ukishapata mchanganyiko unaokufaa, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha raketi, nyuzi na gripu wiki moja hatajua kilichomsaidia wala kilichomharibia. Na kama mfuko unaruhusu, nunua ya pili ya aina ile ile, ifungwe nyuzi zile zile kwa mkazo ule ule, kwa sababu watengenezaji hubadilisha matoleo yao mara kwa mara, na uzi hukatika katikati ya gemu ya tano bila kuuliza.