Dhambi, kosa, hatia: ni lipi mahali gani?

SWALI: Katika jumuiya yetu tulibishana juu ya anayepima maharagwe kwa kopo lililogongwa kitako kikapanda ndani. Mmoja alisema ni kosa tu, mwingine akasema ni dhambi, wa tatu akasema ni hatia. Je, si neno moja? – Mama msomaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: Hapana, mama.

Kosa ndilo pana kuliko yote. Linatokana na kukosa, yaani kutopata, kutofikia: unakosa gari, unakosa chumvi, mwenye kombeo anakosa shabaha. Kitenzi cha Kiebrania ambacho Biblia zetu hukiandika "kutenda dhambi" kina maana hiyohiyo. Katika Waamuzi 20:16 kimetumika kwa watu 700 wa mkono wa kushoto, waliolenga hata unywele kwa jiwe wasikose. Hatia, neno la Kiarabu, lina ukoo mmoja na kitenzi hicho, ila sisi twalitumia zaidi kwa mzigo unaombaki mtu: ana hatia, amepatikana na hatia.

Dhambi ni kosa mbele ya Mungu. Mjini twatamka "zambi", lakini ukiandika weka dh. Sema dhambi hii, dhambi hizi. Madhambi haya nayo ni sahihi. Anayeendesha pikipiki bila kibali, polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, humwandikia kosa, hawamwandikii dhambi.

Sasa kopo. Aliyeligonga mwenyewe, au anayejua na bado anapimia, anatenda dhambi: Walawi 19:35 inakataza kipimo cha uongo, na sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa kuwaonya wapunjaji. Asiyejua amekosea tu. Lakini siku aliyotia kidole ndani akaona kitako kimepanda, kisha akaendelea kuuza, hapo hana tena pa kujitetea.

Wengi huungama wakaishia hapo, na hilo linatusikitisha, maana haki ya mnunuzi bado iko mkononi mwao. Hesabu 5:7 inataka kurudisha chote na kuongeza sehemu ya tano: aliyepunja kilo 10 atoe 12. Katika Uislamu pia toba ya haki ya mtu haitimii bila kumrudishia mwenyewe, au yeye asamehe. Wanunuzi wasipojulikana tena, thamani hiyo wapewe maskini. Mapadre na mashehe hufundisha hivyo.