Chapa yangu ya maua imefanya mawimbi

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Nilinunua chapa ya picha ya maua ya mtindo wa wachoraji wa zamani wa Uholanzi: tulipu na mawaridi ndani ya chombo, nyuma giza tupu. Karatasi ni ya pamba, na si ya bei ndogo. Masika haya imefanya mawimbi, na pembe ya chini imeingia vidoa vya kijivu. Nimeuziwa karatasi mbovu?

JIBU: Waalaykum salaam, bibie. Karatasi haina kosa. Pamba hunywa unyevunyevu ikatanuka, kama mlango wa mbao unaogoma kufunga wakati wa mvua. Kwenye picha ya mgongo wa fremu uliyonitumia naona solotepu pande zote nne. Karatasi ilitaka kutanuka, ikakosa pa kwenda, ikavimba katikati.

Fremu ifunguliwe. Solotepu ikatwe kwa wembe kando ya karatasi, isibanduliwe, maana hutoka na ngozi ya karatasi. Kisha chapa ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano. Chini na pembeni iachwe huru. Kati yake na kioo iwekwe kadi yenye dirisha, isiyo na asidi, unene milimita 2 hivi, wino usije ukagandana na kioo. Hadibodi ya nyuma itupe, itakugeuzia karatasi njano.

Vidoa ni koga, na hiyo imetoka ukutani. Mawe yetu ya matumbawe na chokaa hufyonza maji toka chini. Hamishia picha ukuta wa ndani, na ugundishe vipande vya kizibo pembe nne za nyuma ili hewa ipite. Koga ikishakauka, ipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini kavu.

Kuifuta kwa kitambaa usijaribu. Wachoraji wa maua wa Uholanzi, akina Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664, walipaka rangi za mafuta. Lakini giza la chapa yako ni wino uliokaa juu juu ya karatasi isiyong'aa. Zamani nilifuta moja kama hiyo kwa kitambaa, tena kikavu, pakabaki mkwaruzo wa kijivu, tulipu ikaota mkia. Mwenye picha aliuona kabla hajakaa.

Mawimbi yaliyobaki yalaze kati ya karatasi safi za kunyonya maji, ubao juu na vitabu vizito, siku kadhaa. Pasi hapana, hata ya baridi.