Kabla hujaingia pangoni, uliza ni jiwe gani

Likizo za Juni zikikaribia napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nataka kuona mapango ya huko kwenu kusini, nianzie wapi?" Picha inayoambatana na ujumbe huo mara nyingi ni ya Amboni, Tanga. Dari liko juu sana, mawe yananing'inia, kiongozi ameinua tochi. Kisha mgeni mwenyewe anafika Mlambalasi, Iringa, anasimama chini ya miamba miwili mikubwa iliyoegemeana, jua linaingia mpaka ukutani, ananigeukia: "Ndiyo hili?"

Ndiyo hili. Tena kwangu mimi ni mahali pazito kuliko Amboni, ila kilichoumba Amboni hakikupita Iringa. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijazungumzia viatu au nauli, namwambia mtu aulize kwanza pango lenyewe ni la jiwe gani. Jiwe litakuambia giza litakuwa kiasi gani, kama utapiga magoti matopeni au utatembea wima, mvua ikinyesha ukimbilie wapi, na kama tochi ina kazi yoyote.

Mapango marefu ya giza nene, yale ya kwenye picha, ni kazi ya chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, yanapata uchachu kidogo, yakizama kwenye nyufa yanalila jiwe taratibu kwa maelfu ya miaka. Baadaye maji hayohayo yakidondoka kutoka darini huacha chembe za chokaa, tone baada ya tone, mpaka jiwe linaota kutoka juu kushuka chini. Amboni ni hivyo, kilomita chache tu kaskazini mwa jiji la Tanga. Ukienda utasimuliwa kwamba njia moja inatokeza Mombasa na nyingine Kilimanjaro. Isikilize hadithi hadi mwisho, ni tamu. Wapimaji walioyakagua mwaka 1994 walihesabu mapango 10, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Umatumbi nako, huko Kilwa, kuna chokaa, na pango la Nandembo ni refu kuliko hilo la Amboni mara nyingi tu, ingawa wanaolitaja mtandaoni ni wachache.

Basi kama roho yako inataka mawe yanayoning'inia, usije Iringa. Panda basi la Tanga, tutaonana mwaka mwingine.

Huku kwetu pango la chokaa ninaloweza kukuelekeza ni la Songwe, maarufu kwa jina la Mapango ya Popo. Ukitoka Mbeya mjini unashika njia ya Tunduma, unapita Mbalizi, na ukifika upande wa kiwanda cha saruji unaanza kuulizia. Bodaboda wa pale wanapajua. Hata kiwanda chenyewe kimewekwa huko kwa sababu ya jiwe hilohilo. Lakini chokaa ya Songwe si ndugu wa chokaa ya Tanga. Hii ililetwa na chemchemi za maji ya moto: maji yanapanda kutoka chini yakiwa yameyeyusha chokaa, yakifika juu gesi inatoka, chokaa inabaki, tabaka juu ya tabaka. Chemchemi zipo mpaka leo na maji yake yanaunguza kweli. Mtoto mshike mkono, na wewe mwenyewe usichovye kidole kupima.

Sasa hapa ushauri wangu wengine hawaupendi: Songwe usiingie ndani kabisa. Fika alasiri, simama nje ya mdomo wa pango, pembeni kidogo, usubiri. Jua likizama popo wanaanza kutoka, kwanza wachache, halafu mkondo mzima. Hicho ndicho kitu cha kuona Songwe. Ndani kuna harufu kali ya kinyesi kinachooza, inayochoma macho na koo, na sakafu usiyojua unakanyaga nini.

Harufu ni usumbufu tu. Kuna sababu nzito zaidi. Kinyesi cha popo kikikauka huweza kubeba vimelea vya kuvu, ukivivuta vinaingia mapafuni, na kikohozi chake hufanana sana na cha kifua kikuu kiasi kwamba daktari asiyejua ulikokuwa anaweza kukutibu ugonjwa mwingine. Halafu kuna virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua. Pango la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, lilihusishwa na wagonjwa wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987. Msitu wa Maramagambo, Uganda, una pango ambalo mtalii kutoka Uholanzi aliingia mwaka 2008, akarudi kwao na akafariki kwa virusi hivyo. Kote huko wanaotajwa ni popo wa matunda wanaolala mapangoni. Hapa nchini Marburg imetokea Kagera mwaka 2023, na tena mwanzoni mwa 2025. Sikutishi kuhusu Songwe, maana hakuna mlipuko uliotangazwa kutoka pale. Ninachosema ni kwamba popo wa kumtazama ukiwa nje anatosha.

Ukiamua kuingia pamoja na hayo, basi vaa barakoa inayobana vizuri, nguo ya mikono mirefu, kofia, na viatu vilivyofunika mguu. Yeboyebo ziache kwenye gari. Usishike ukuta halafu ukala ndizi. Popo aliyeanguka chini usimwokote, hata kwa huruma. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi na uende hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Na ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya safari, mwambie daktari neno "pango" kabla hujamwambia kitu kingine chochote.

Iringa jiwe linabadilika. Ni mwamba mgumu wa graniti, ambao maji hayauli hivyo. Unachokuta ni majabali yaliyopasuka na kuegemeana, kivuli kirefu, sakafu kavu ya udongo. Hakuna giza, hakuna mawe ya kuning'inia, tochi ni mzigo mtupu. Lakini hiyo sakafu kavu ndiyo iliyowavuta watu tangu enzi na enzi, na ndiyo iliyotunza walichoacha.

Kwa hiyo Mlambalasi usiende kichwa kitupu. Anzia Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwa njia ileile ya hifadhi ya Ruaha. Kwenye jumba la makumbusho la pale kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Mpe mhudumu nafasi akueleze bila haraka: jeshi la Wahehe kuwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, ngome ya Kalenga kuanguka 1894, na ile miaka ambayo Mkwawa aliwindwa porini bila kushikwa. Ndipo uendelee na safari mpaka Mlambalasi, kilomita kama 50 kutoka mjini, alikojiua mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa adui. Kaburi lake liko chini ya kilima. Aliyetoka Kalenga hafiki hapo na kuuliza "ndiyo hili?"

Halafu panda juu kwenye pango. Wanaakiolojia walichimba hapo, zikiwemo kazi za mwaka 2006 na 2010, wakakuta historia imelala kwa matabaka: juu mabaki ya uchomaji wa chuma, chini zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Mtu anayekuja na viatu vya kuchimbua udongo, anakaa kwenye sakafu, anawasha moto wa kuchomea mahindi, anakanyagia kitabu ambacho hakijasomwa chote. Kaa nje chini ya mti, mahindi ni yaleyale. Na kipande cha jiwe chenye makali usikitie mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na hata isingekuwepo, kipande kilichotolewa mahali pake hakimwambii mtu chochote.

Iringa mjini kuna pia michoro ya Igeleke, ya rangi nyekundu kwenye mwamba. Kuna watu humwagia maji michoro ya namna hii ili rangi ing'ae kwenye picha. Ukimwona mwenzako anafungua chupa, mzuie. Nenda asubuhi jua likiwa chini, kamera ya simu yoyote itatosha. Na kwa wale mnaoshuka hadi Songea, kilima cha Chandamali utaonyeshwa majabali ambayo husimuliwa kwamba Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alijificha wakati wa vita vya Majimaji, kabla Wajerumani hawajamnyonga mwaka 1906. Ni mwendo mfupi, hauhitaji maandalizi.

Rungwe ni lava. Pale Daraja la Mungu, Mto Kiwira unapita chini ya mwamba wa volkano ulioganda, na watu wanavuka juu yake bila kujali. Si pango kamili, lakini wanaotafuta mapango huishia pale na wanaridhika. Mawili tu. Kwanza, Tukuyu hunyesha hata wakati Mbeya mjini pamekauka, na mwamba wa lava wenye ukoka na ukungu huteleza vibaya. Kila mwenyeji anazo habari za mtu aliyetaka picha ya ukingoni. Pili, njia ya kwenda Kijungu, kivutio kingine cha Mto Kiwira, inapita eneo la chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo simu iweke mfukoni mpaka uruhusiwe.

Kuna na la tatu, nalo halionekani kwa macho. Chini ya Rungwe kuna hewa ya kaboni nyingi kiasi kwamba inavunwa kibiashara, ile ya kutia mapovu kwenye soda. Sehemu nyingine inajitokea yenyewe ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na hutuama kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi ambapo hakuna upepo. Ukiona shimo lenye wadudu au ndege waliokufa, usiiname kuchungulia, wala usimtume kijana akaangalie. Ondoka. Anayeanguka humo, wa kumwokoa naye huanguka. Wakulima wa maeneo hayo wanayajua mashimo yao. Waulize kabla ya kukatisha shambani.

Nimebakiza Njombe, na hapa jiwe halikusaidii. Nyumbanitu ni msitu wenye mapango katika nchi ya Wabena, karibu na kijiji cha Mlevela. Wazee husimulia kwamba watu wao walijificha humo nyakati za vita, na mpaka leo ni mahali pa tambiko. Utasikia pia habari za kuku weusi wanaoonekana msituni na wasiokuwa wa mtu. Usicheke, na usiwatafute na kamera.

Kinachohitajika ni utaratibu. Pitia ofisi ya kijiji kwanza, uandikishwe, wakupe mtu. Huyo mtu atakupeleka kwa mzee. Sema "Kamwene", salamu ya huko, kisha shikamoo, kisha nyamaza uulizwe umetoka wapi na ni mtoto wa nani. Swali hilo la pili wageni wa Dar huliona la ajabu, wanajibu kwa cheo cha kazini. Jibu kwa ukoo. Ukiambiwa vua viatu, vua. Ukiambiwa leo haiwezekani kwa kuwa kuna shughuli, shukuru na uombe siku nyingine. Usichomoe noti mbele za watu ukidhani ndiyo lugha inayoeleweka. Kama kuna ada, kiongozi wako atakueleza pembeni, na malipo ya kijiji yadai stakabadhi.

Nani asiende? Mimi humshauri mama mjamzito, mwenye pumu na mtoto mdogo wasikaribie Songwe kabisa. Mlambalasi na Igeleke wanaweza, polepole. Mwenye magoti mabovu aulize kwanza juu ya ngazi na miteremko, maana ukishafika chini ni lazima upande.

Msimu: huku mvua huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei, kwa hiyo Juni mpaka Oktoba ndiyo wakati wetu. Juni na Julai njoo na sweta nzito, Njombe hasa. Tanga kalenda yake ni nyingine, wana vuli na masika, na Amboni wakati wa masika ni tope. Tochi kwa mapango ya chokaa iwe ya kuvaa kichwani, na ya pili mfukoni, kwa sababu tochi ya simu inamaliza chaji na mkono unaoishika hauwezi kushika mwamba.

Kwa mwenye wiki moja na anayetokea Dar kwa basi: shukia Iringa, fanya Kalenga na Mlambalasi kwa siku moja na gari la kukodi, maana usafiri wa umma wa njia ya Ruaha haukusubiri ushuke kilimani. Igeleke asubuhi inayofuata. Kisha Njombe, na hapo weka siku mbili, moja ya kuomba ruhusa na moja ya kwenda. Mbeya mwishoni, Tukuyu asubuhi moja, Songwe jioni nyingine. Bodaboda wa Songwe mwambie akusubiri na mpatane bei kabisa kabla hajazima pikipiki, kwa sababu popo wakishatoka ni usiku.