Mashua ya Zamani, Mashine ya Ngapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa Kunduchi. Marehemu baba mdogo ameniachia mashua ya mbao ya futi 26, na mpaka leo inakwenda kwa tanga. Tunavua kwa mishipi na nyavu kuanzia Mbudya hadi Fungu Yasini, watu sita na barafu yetu. Nataka kuifunga mashine ili tuwahi mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam. Muuzaji mmoja ananihimiza nichukue ya nguvu ya farasi 40, mpya, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Rafiki yangu naye anauza ya 40 iliyotumika, ya oili mbali na petroli mbali, kwa nusu ya bei. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Zote mbili ziache. Mashua yako inataka mashine ya 15, ikizidi sana ya 25, yenye mguu (ile sehemu inayoteremka majini hadi kwenye propela) unaolingana na tezi yako, yaani ubao wa nyuma ya mashua mashine inapofungwa. Na kabla hujatoa senti ya mashine, toa ya fundi seremala aikague hiyo tezi.

Mashua yenye tumbo la mviringo na mkuku (ule mti wa chini ulio uti wa chombo) haipandi juu ya maji kama boti za faiba zinazopeleka watalii Bongoyo. Yenyewe inapasua maji, na chombo cha namna hiyo kina mwendo wake wa mwisho, unaotokana na urefu wa sehemu iliyokaa majini. Ikiwa yako inakalia mita 7, mwisho wake ni kama kilomita 12 kwa saa. Ukifika hapo, omo, yaani mbele ya chombo, inasukuma wimbi lake yenyewe na tezi inakaa kwenye wimbi linalofuata. Ukiongeza moto, omo inainuka, tezi inadidimia kwenye bonde kati ya mawimbi, maji yanachungulia kwa nyuma, na mwendo ni uleule. Mashine ya 15 yenye propela sahihi itakufikisha karibu na hapo bahari ikiwa shwari. Ya 40 itakufikisha hapohapo. Ila ya 15 ukiifungua yote inakunywa lita 6 au 7 kwa saa, na ya 40 ya aina hiyohiyo inapita 15. Kunduchi hadi Feri, ukizunguka rasi ya Msasani, ni kilomita 20 na kidogo, kwa hiyo ni safari ya saa mbili hivi. Piga hesabu ya petroli kwenda na kurudi, kisha uone kama samaki wako wanailipa.

Najua utaniuliza habari ya Kusi, upepo wa kutoka kusini. Ni kweli, Juni na Julai mkiielekea Feri mnakutana nao usoni, na mashua iliyojaa nyavu na barafu itajikongoja. Kama unavua mwaka mzima na mzigo ni mzito, ya 25 naikubali. Zaidi ya hapo sikubali, na sababu yangu si petroli peke yake.

Sababu kubwa ni mbao. Chombo cha tanga kimejengwa kusukumwa na upepo, na nguvu yake inaingilia kwenye mlingoti. Ukifunga mashine, nguvu yote inahamia kwenye ubao wa tezi, sehemu ambayo aliyeunda mashua hiyo hakuifikiria kubeba kitu. Mashine inasukuma, inavuta ukirudi nyuma, na inatikisa muda wote. Mtikisiko ule ndio unaofungua kalafati, zile pamba zilizoziba nafasi kati ya mbao. Nimeona mashua nzuri za watu zikianza kuvuja pale mbao za ubavuni zinapokutana na tezi, mwenyewe analaumu fundi wa kalafati, kumbe mashine ni kubwa kuliko chombo.

Kwa hiyo ipandishe mashua ufukweni maji yakijaa, subiri yapwe, uifanyie kazi ikiwa kavu. Chukua nyundo ndogo, gonga ubao wa tezi kidogo kidogo kutoka juu hadi chini. Ubao mzima unalia kwa ukali. Uliooza unatoa sauti nzito, ya chini. Kisha chukua bisibisi, choma pembezoni mwa kila msumari na kwenye kona za chini, mahali maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, yanapolala. Bisibisi ikiingia bila kulazimishwa, hapo hapana ubao. Angalia na misumari yenyewe: kama michirizi ya kutu inashuka kutoka kwenye vichwa, ujue ndani imeliwa. Tezi ikiwa mbovu, weka ubao mpya wa mvule au mninga wenye unene wa inchi 2 hivi, na kwa ndani utie magoti mawili ya mti yaliyopinda yenyewe, yakamate tezi na mkuku kwa boliti za chuma kisichoshika kutu. Magoti hayo usiyaruke hata kama seremala anakwambia ubao unatosha. Ndiyo yanayopeleka msukumo wa mashine kwenye uti wa chombo.

Tezi ikishakuwa tayari ndipo upime mguu. Pima kutoka ukingo wa juu mahali mashine itakapokaa, teremka wima mpaka usawa wa chini ya mashua. Mguu mfupi ni wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Lile bapa lililo juu tu ya propela linatakiwa liwe usawa wa chini ya chombo au lishuke kidogo, sentimita 2 hadi 5. Kwa mashua yenye mkuku mimi napenda lishuke, kwa sababu maji yanayotoka nyuma ya mkuku yamevurugika. Likikaa juu, propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele na chombo hakisogei. Usinunue mguu mfupi kwa sababu tu ndio uliopo dukani.

Propela nayo ina namba mbili zimepigwa muhuri. Ya kwanza ni upana, ya pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, zote kwa inchi. Mashine nyingi dukani zimefungwa propela ya boti nyepesi. Wewe omba yenye namba ya pili ndogo, ya kubebea mzigo. Siku ya kujaribu, pakia watu sita, barafu na nyavu, fungua yote, na fundi apime mizunguko. Mashine nyingi za kazi za ukubwa huo zinataka 4,500 hadi 5,500 kwa dakika; hakikisha kwenye kitabu cha yako. Isipofika, inabebeshwa mzigo unaoilemea, na haitakaa.

Mashine ya rafiki yako siisemi vibaya. Za aina ile zinakula petroli kidogo na hazihitaji kuchanganya. Lakini ni nzito zaidi, na uzito huo wote unaning'inia kwenye tezi ya zamani. Pia zina valvu na oili ya kubadilisha kwa wakati, na ikizama kwenye maji ya chumvi kuifufua ni kazi kubwa. Ile ya kuchanganya ina vitu vichache ndani, na spea zake unazipata Kariakoo. Ila chunga oili. Nunua iliyoandikwa TC-W3, ndiyo ya mashine zinazopozwa kwa maji, wala usishawishike na ya pikipiki. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, dumu la lita 20 linaingia mililita 400. Mashine mpya, saa 10 za mwanzo, huwa inataka mara mbili ya hapo. Soma kitabu chake.

Tanga na foromali yake (ule mti unaolibeba) usiuze, mwanangu. Siku mashine itakapozimika nje ya Fungu Yasini na giza linaingia, utarudi nalo.

SWALI: Fundi, nimenunua mashine iliyotumika, inawaka vizuri. Nimefungua skrubu ya chini ya gia, oili imetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nibadilishe tu oili niendelee? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hayo ni maji ya bahari yameingia kwenye gia. Mara nyingi ni sili ya shafti ya propela, ile pete inayozuia maji yasiingie. Toa propela utazame: uzi wa mshipi au wa nyavu hujiviringisha pale nyuma na kuikata sili taratibu. Badilisha sili, na zile washa (pete ndogo za kuzibia) za skrubu mbili za oili pia, maana watu hurudisha za zamani zilizobonyea. Jaza oili ya gia kutokea tundu la chini mpaka itoke la juu, ili hewa isibaki ndani. Nenda baharini mara moja karibu na pwani, ifungue tena. Ikitoka safi, endelea na kazi. Ikitoka nyeupe, mpelekee fundi aipime gia kwa upepo kabla beringi hazijaliwa, na ukiwa hapo mwambie akuangalizie na impela, ile inayosukuma maji ya kupoza mashine.