Haniwa: Walinzi wa Udongo Juu ya Makaburi ya Japani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Nyegezi, Mwanza. Mwanafunzi wangu ameniletea picha ya askari wa udongo wa Japani ya kale, akauliza kama ni kweli kwamba sanamu hizo zilizikwa na watawala badala ya watumishi kuzikwa hai. Bibi yangu alikuwa mfinyanzi huko Ukerewe, hivyo jambo hili limenigusa. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu Mwalimu, sanamu hizo huitwa haniwa, nazo hazikufukiwa na maiti, bali zilisimamishwa juu ya kilima cha kaburi na kukizunguka, zikiwa wazi kwa macho ya watu. Simulizi aliyoisikia mwanafunzi wako imo katika Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia ya Japani kilichokamilika mwaka 720, kinachoeleza kwamba Nomi no Sukune alimshauri Kaizari Suinin atumie sanamu ili watu wasizikwe hai. Ni simulizi yenye huruma, lakini udongo wenyewe unaikataa, kwa kuwa haniwa za kwanza, za karne ya 3, hazikuwa na sura ya mtu hata kidogo: zilikuwa kama mabomba manene, yaliyotokana na vikalio vya mitungi ya sadaka. Sura za watu zilikuja katika karne ya 5.

Mabomba hayo, ambayo wengi huyapita upesi, kwangu ndiyo kiini cha habari yote. Yalichimbiwa kwa safu, yakisogeleana kama miti ya ua, yakaitenga ardhi ya marehemu na ya walio hai. Katika kaburi la Daisen, mjini Sakai, lenye urefu wa mita 486, inakadiriwa kwamba yalikuwa takriban 30,000. Kisha zikaongezwa nyumba, ngao, farasi na watu. Huko Imashirozuka, katika mji wa Takatsuki, zimepatikana sanamu zaidi ya 200, zilizopangwa kama watu waliokusanyika kwenye ibada.

Ufundi wake bibi yako angeutambua mara moja: mikanda ya udongo ilizungushwa mmoja juu ya mwingine, ikabanwa na kulainishwa, kisha chombo kikachomwa bila kung'arishwa. Askari maarufu aliyetoka Ota, mkoani Gunma, ana deraya iliyofungwa kwa mafundo madogo ya kamba, kila fundo limefinyangwa peke yake, ilhali macho yake ni matundu mawili tu yaliyokatwa kwa kisu. Na ukichungulia ndani ya haniwa nyingi, alama za vidole vya mfinyanzi bado zimo.